Rivolva inayopiga kwa tundu la chini: miaka miwili na Chiappa Rhino

Niliinunua mwaka 2022, hapa Ohio, Marekani, kihalali na kwa karatasi zote. Ni rivolva, bastola ya silinda yenye matundu 6, na kazi yake kwangu ni kulenga shabaha siku za Jumapili. Naandika kwa sababu Waswahili wenzangu wa huku, hasa ndugu zetu wa Kongo waliojaa mjini Dayton, kila wakiiona mkononi mwangu wanauliza swali lile lile: hicho kidude kimekaa hivyo kwa nini, na pesa yote hiyo ni ya nini?

Kimekaa hivyo kwa sababu mtutu wake uko chini. Rivolva karibu zote duniani hupiga risasi iliyo kwenye tundu la juu kabisa la silinda. Rhino hupiga iliyo kwenye tundu la chini kabisa. Ukiitazama kwa ubavu unaona bati refu juu ya mtutu, kana kwamba mtu aliiunga kichwa chini. Silinda nayo si duara. Imechongwa pande sita bapa ili ipungue unene. Wazo ni la Mwitaliano Emilio Ghisoni, yule yule aliyebuni bastola za kampuni ya Mateba, aliyehangaika miaka mingi na mtutu wa chini. Alifariki 2008, kabla Rhino haijaenea madukani. Kiwanda cha Chiappa, wanaoitengeneza, kiko mkoa wa Brescia huko Italia, na tawi lao la Marekani liko Dayton, mwendo wa saa moja na kidogo kutoka kwangu. Hilo la Dayton lilinisaidia kuamua kuliko mnavyodhani, nitalirudia.

Sababu yangu ya kuitaka ni kifundo cha mkono. Mwaka 2019, kazini ghalani, niliangukiwa na mzigo mkono wa kulia. Nilipasuliwa, nikapona, lakini hadi leo kifundo hakipendi kukunjwa kwa ghafla. Bastola ya kawaida ikipiga, mdomo wake unaruka juu, na kinachoinuka nao ni kifundo. Mtutu ukiwa chini, karibu usawa mmoja na mfupa wa mkono, teke, yaani msukumo wa risasi ikitoka, linakuja moja kwa moja kiganjani. Teke halipungui, linabadili njia tu. Kwa mwenye mkono mzima tofauti hiyo ni starehe. Kwangu ni kumaliza boksi la risasi 50 nikarudi nyumbani bila kufunga barafu.

Lakini kabla ya Rhino nilishakuwa na rivolva nyingine, ya umbo la kawaida, kutoka kwa kampuni ambayo sitaitaja. Na mimi ni mtu niliyekulia kijijini, silaha pekee niliyoijua kwa karibu ni gobole la babu lililotundikwa juu ya mlango. Kwa hiyo nilipoona chuma kinang'aa na bei nafuu, nikalipa. Boksi la pili halikuisha silinda ikaanza kukwama. Unavuta kifyatulio, inazunguka nusu, inagoma. Dukani wakaniambia niongee na kiwanda. Kiwanda kikanipa namba ya kumbukumbu, nikaituma kwa gharama yangu, na maelezo kwamba inakwama tundu la nne, nikasubiri wiki 14. Katika wiki hizo nilipiga simu mara 9, niliziandika. Mara mbili tu nilipata mtu. Iliporudi, ndani ya boksi kulikuwa na karatasi yenye mstari mmoja: imejaribiwa, haina tatizo. Jumapili ile ile ikakwama tena kwenye tundu la nne.

Kilichoniuma si ubovu. Chuma kinaharibika, hata cha bei mbaya. Kiliniuma kwamba mtu alikiona nilichoandika, kwamba ni tundu la nne, na hakulizungusha hilo tundu. Niliirudisha dukani, nikawaeleza ubovu wake wazi ili wasije wakamuuzia mwingine kimyakimya, nikapokea nusu ya bei.

Basi nilipoanza kuitamani Rhino nilikuwa na hofu mara mbili. Rivolva ya kawaida ikiharibika, fundi yeyote wa silaha mwenye umri ataifungua. Mashine yake haijabadilika sana tangu enzi za babu zao. Ya Rhino si hivyo. Ile inayoonekana kwa nyuma kama nyundo, kile chuma kinachogonga risasi ilipuke, si nyundo. Ni wenzo wa kukoki tu: unaivuta, inakoki nyundo iliyofichwa ndani, halafu yenyewe inarudi mahali pake kama hakuna kilichotokea. Alama nyekundu ndogo inachomoza juu ya fremu kukuambia kwamba imekokiwa. Nyuma ya hayo kuna springi na vyuma vingi kuliko ulivyozoea, na nilipouliza mafundi wawili wa mtaani wote walisema kazi ya ndani hawaigusi. Kwa kitu kama hiki, huduma ni sehemu ya ubora wenyewe. Huwezi kusema chuma ni kizuri, huduma tutaona baadaye, maana baadaye hakuna mwingine wa kukimbilia. Ndiyo maana Dayton ilinituliza: kama ikibidi, haivuki bahari.

Nilianza na duka moja kubwa. Kijana wa kaunta alinipa niishike huku akiendelea na simu yake. Nikamuuliza, ikisumbua nafanyaje? Akanijibu bila kuinua macho kwamba vitu vyote vikishauzwa havirudi, na matengenezo niongee na kiwanda. Maneno yale yale niliyoambiwa kwa ile rivolva ya kwanza. Bei yao ilikuwa chini kwa dola 60. Nikamshukuru, nikatoka.

Duka la pili ni dogo, lina chumba cha kulengea shabaha kwa nyuma. Mzee mwenye nalo aliitoa Rhino ya mtutu wa inchi 4, akabonyeza kijiwenzo cha kufungulia silinda, akanionyesha matundu yote 6 matupu kabla hajanikabidhi. Kisha akaniuliza jambo ambalo sijaulizwa na muuzaji mwingine yeyote wa silaha: "Mkono huo una nini?" Alikuwa ameona ninavyoishika.

Nilipomweleza, hakuniuzia. Alinikodisha kwanza ile wanayotumia kwa majaribio, akasimama pembeni yangu. Tulianza na risasi za .38 Special, aina ya nguvu ndogo, kwa kuwa Rhino iliyotengenezwa kwa risasi kali za .357 Magnum inazimeza aina zote mbili. Tano za kwanza nikadhani amenipunguzia baruti. Mdomo haukuruka, ulinisukuma nyuma, kama mtu anakuwekea kiganja kifuani. Za .357 kamili ni habari nyingine. Fremu ni ya aloi ya alumini, nyepesi, na kiganja kinaisikia. Nilipiga 6 tu nikaona zinanitosha.

Hapo ndipo akanifundisha kuhusu kidole gumba, na hili nawaomba mlizingatie hata kama hamtanunua kamwe. Katika rivolva yoyote kuna mwanya mwembamba kati ya silinda na mtutu, na risasi ikitoka gesi ya moto inachomoka pale kwa pembeni. Kwa Rhino mwanya huo uko chini, karibu zaidi na mkono wa kushikilia. Aliyezoea bastola nyingine, anayelaza kidole gumba mbele kando ya fremu, anakilaza palepale penye moto. Mzee alishikiza kipande cha boksi usawa wa mwanya, akapiga risasi moja, akakirudisha. Ukingo wake ulikuwa mweusi, na umechanika kama uliotafunwa na panya. Hakusema neno, alikiweka juu ya kaunta mbele yangu. Tangu siku hiyo gumba langu la kushoto linakaa limekunjwa juu ya la kulia, na silazimiki kulikumbusha.

Ile mpya aliyoniuzia tuliikagua pamoja kama dakika 40. Alikoki polepole, tundu moja baada ya jingine, kila mara akijaribu kuitikisa silinda kwa vidole viwili kuona kama imefunga sawasawa. Nilimwambia kuhusu tundu la nne la ile ya zamani. Akairudia ya nne mara tatu. Akaingiza vile vijibati vyembamba vya kupimia mwanya, akapata inchi 0.006, kama milimita 0.15, akaiandika namba hiyo kwa kalamu nyuma ya risiti yangu.

Karatasi hazikunisumbua. Kwa wenye kadi ya kijani wanaoogopa kuuliza: mkazi wa kudumu anaruhusiwa kununua, ila muuzaji anajaza nawe fomu ya serikali kuu, namba 4473, unaandika uraia wako na namba yako ya uhamiaji, na jina lako linapitishwa kwenye ukaguzi wa FBI. Kwa bastola dukani lazima uwe umetimiza miaka 21. Aliyeko kwa viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi, na asidanganywe na rafiki kwamba atamnunulia. Hilo ni kosa la jinai, na kwa mgeni linaweza kufuta makaratasi yake yote.

Nililipa dola 1,180 kabla ya kodi. Nyumbani mke wangu alinipa sharti moja kabla hajaniruhusu kuiingiza ndani: "Mume wangu, sefu kwanza. Na funguo zisikae kwenye shati." Sefu ikafungwa ukutani siku mbili kabla bastola haijafika, na risasi zina kisanduku chake cha kufuli, chumba kingine. Tuna watoto watatu.

Sasa yale nisiyoyapenda. Kifyatulio, ukivuta bila kukoki kwanza, ni kizito na kirefu. Kidole kinachoka kabla ya boksi kwisha. Ukikoki ni laini, lakini ule wenzo wenyewe ni mgumu kwa gumba lenye jasho. Na kwa kuwa wenzo unarudi mahali pake, mtu asiyeijua anaweza kuishika ikiwa imekokiwa akadhani imelala. Alama nyekundu ipo, ndiyo, ila ni ndogo kama kichwa cha kiberiti, na mwanga ukiwa hafifu unaitafuta. Mimi nilifanya mazoezi ya kukoki na kushusha kwa risasi bandia majuma matatu kabla sijarudi uwanjani. Sioni kama nilizidisha.

Ala ya kuibebea nayo ni taabu. Kwa umbo lile, ala za rivolva nyingine hazikai. Niliagiza ya kwanza kwa duka la mtandaoni lililoapa kwamba inaingia. Haikuingia, na pesa zangu walirudisha baada ya barua pepe nne, wakakata gharama ya usafirishaji. Ya pili alinishonea fundi wa ngozi niliyeelekezwa na yule mzee. Alichora umbo lake kwenye karatasi ya manila, bastola ikiwa tupu na silinda wazi, akanipigia simu baada ya siku 10. Ilikaa mara ya kwanza. Dola 85.

Kwa mwenye mikono mizima na anayetaka bastola yake ya kwanza ya silinda, simshauri aanze na hii. Achukue ya kawaida, ajifunze, pesa inayobaki anunulie risasi za mazoezi. Kwa mwenye kifundo kama changu, au mwenye baridi yabisi, akaikodi kwanza kwa nusu saa. Na akiwa dukani aulize swali la kuharibika kabla ya swali la bei, amtazame muuzaji usoni anapojibu.

Mwezi uliopita nilikuwa nimeshapiga zaidi ya risasi 2,000. Haijakwama hata mara moja. Hata hivyo niliipeleka kwa mzee ikaguliwe, na nikachukua ile risiti. Alivaa miwani, akaingiza vijibati vyake kwenye mwanya, tundu la kwanza hadi la sita, na alipofika la nne akanitazama kabla ya kupima. Akageuza risiti, akasoma namba yake mwenyewe ya 2022, akaandika mpya chini yake: 0.006.