Mwongozo wa asembli uliojifunza kutaja prosesa: uzoefu wangu

Nimeutumia mwongozo huu wa lugha ya asembli, yaani lugha ya kuiamuru prosesa moja kwa moja, katika matoleo mawili, la zamani na hili jipya. Hili jipya nalipendekeza kwa moyo mweupe, isipokuwa sura moja.

La zamani lilinipotezea siku 2 nzima. Nilitaka programu ichapishe mstari uleule mara 5 kwenye Linux ya biti 64. Nikaweka 5 kwenye rcx, mojawapo ya rejista (vihifadhi vidogo vilivyo ndani ya prosesa), nikaita kerneli, kiini cha Linux, kwa amri ya syscall ili ichapishe, kisha amri ya loop ipunguze hesabu hiyo na kurudia. Skrini ikajaa mistari isiyokoma! Nilikagua kitanzi kile mpaka macho yakaniuma, maana mwongozo ulisema kerneli hurudisha rejista zote kama zilivyokuwa, ila ile inayobeba jibu. Mwishowe nikaiendesha programu amri moja moja huku nikitazama rejista. Kabla ya syscall, rcx ilikuwa na 5. Baada yake ilikuwa na namba kubwa ajabu: anwani ya amri inayofuata.

Kumbe prosesa za x86-64, yaani za biti 64 za aina ya Intel na AMD kama yangu, ndivyo zilivyoundwa. Amri ya syscall yenyewe huweka anwani ya kurudia ndani ya rcx na hali ya bendera (biti zinazoonyesha hali ya prosesa) ndani ya r11, na ndiyo sababu kigezo cha nne cha wito, yaani taarifa ya nne unayoipa kerneli, hupitishwa kwenye r10 badala ya rcx. Sentensi iliyonipoteza ni ya kweli, lakini kwa programu ya biti 32 inayotumia int 0x80, amri ya zamani ya kuita kerneli. Maneno hayo machache tu ndiyo yaliyokosekana.

Toleo jipya limeyaweka. Pembeni ya kila aya pameandikwa prosesa inayohusika, na kwa kazi ya kuandika kwenye skrini, namba za kuiambia kerneli kazi unayotaka zimepangwa pamoja: 4 kwa x86 ya biti 32, 1 kwa x86-64, 64 kwa ARM64 (prosesa za familia nyingine, ARM), ambako namba hukaa kwenye rejista ya x8 na kerneli huitwa kwa amri ya svc. Wamekumbusha pia kwamba ile 1, ukiipeleka kwenye biti 32, ni amri ya kufunga programu. Anayeanza akiona programu yake inazimika kimya bila kosa lolote, hapo atapata jibu kwa dakika moja.

Sura ya hesabu ndiyo bado inaniudhi. Inasema kugawanya kwa sifuri husimamisha programu, basi. Kwenye x86 ni kweli, prosesa hupiga kelele papo hapo. Kwenye ARM64, amri ya kugawanya, udiv, hukupa 0 na kazi inaendelea, kwa hiyo jibu baya linaweza kusafiri mbali kabla hujaligundua. Kosa la aina hii ni gumu kuliko lile la kwangu, kwa sababu hakuna skrini iliyojaa ya kukushtua.

Nimewaandikia waandishi kuhusu ukurasa huo. Mpaka waurekebishe, sura hiyo isome ukiwa na kitabu cha mtengenezaji wa prosesa yako mkononi.