Ndoo ya mfereji ya lita 20: inunue, lakini kagua mfereji kwanza

Ndoo za plastiki zenye mfereji chini zinapatikana Zanzibar: Unguja kwenye masoko ya Darajani na Mwanakwerekwe, na Pemba pia. Kwa nyumba inayopata maji kwa zamu, hatuoni chombo cha kunawia kinachoishinda kwa bei yake. Bakuli la maji mezani lina ila kubwa: kila mkono unachovya humo humo, na wa mwisho ananawa uchafu wa wenziwe. Birika na beseni ni salama, ila lazima awepo mtu wa kumimina.

Kinachoharibika mwanzo ni mfereji. Wa kusokota tunaushauri uachwe dukani: unafunguliwa kwa mkono uliotoka chooni, kisha unafungwa kwa mkono uliokwisha takata, na uchafu unarudi pale pale. Chagua wenye kishikio cha kusukuma, unaofungika kwa kiwiko. Tazama na urefu wake kutoka kitakoni. Ukitobolewa sentimita 10 juu, kama lita 6 hazitoki; sentimita 3 mpaka 5 zinatosha kuzuia mashapo.

Kuvuja kunatokana na umbo. Ndoo ni ya duara, mpira unaoziba tundu la mfereji ni bapa, kwa hiyo haukai sawa. Tafuta iliyobapwa pale penye tundu, yenye mipira miwili, mmoja ndani na mmoja nje. Nati ikazwe kwa mkono. Ukiibana kwa koleo, hesi za plastiki zinakatika. Muombe muuzaji aijaze maji hapo hapo, usubiri dakika tano, kisha upitishe kidole kikavu chini ya mfereji. Kikitoka na unyevu, rudisha.

Ikijaa ina uzito wa zaidi ya kilo 20, basi iweke juu ya stuli ya mbao iliyotulia, kwa kimo ambacho mtoto anaufikia mfereji bila kupanda kitu. Stuli ya chuma chembamba huliwa na kutu upesi, hasa pwani. Mfuniko usikosekane, maana mbu hutaga kwenye maji yaliyo wazi. Na iwe kivulini: jua linaifanya plastiki ikatike, na ndoo nyeupe huota ukijani ndani. Isugue kila wiki.

Ndoo bila sabuni ni nusu ya kazi. Vijidudu hung'ang'ania kwenye mafuta ya ngozi, na maji matupu hayayatoi. Hili tunalisema kwa msisitizo kwa sababu wengi hutosheka na udhu. Udhu ni ibada yenye masharti yake. Baada ya kustanji chooni, au kumtawaza mtoto aliyejisaidia, mkono unataka sabuni. Zanzibar, iliyokwisha kupigwa na kipindupindu mara kadhaa tangu 1978, haina nafasi ya kulipuuza hilo.

Kipande cha sabuni kitie kwenye kijifuko cha wavu, ukifunge kwenye mkono wa ndoo. Kikikaa kwenye kisosi chenye maji kinayeyuka bure. Au koroga vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya unga kwenye chupa ya lita 1.5, utoboe kifuniko. Maji ya visima vya chumvi hayatoi povu vizuri, kwa hiyo ongeza sabuni. Lowesha, funga mfereji, sugua viganja, migongo, katikati ya vidole, vidole gumba na chini ya kucha kwa sekunde 20 angalau, ndipo usuuze. Gumba na kucha ndizo zinazosahauliwa zaidi, nazo ndizo zinazomega ugali na kufinyanga tonge la wali. Acha mikono ikauke kwa hewa. Kanga moja inayopangusiwa mikono na nyumba nzima inarudisha ulichokitoa.

Mkondo ukiwa mwembamba, nusu lita inamtosha mtu. Familia ya watu sita, kila mmoja akinawa mara tano kwa siku, hutumia kama lita 15, kwa hiyo ndoo moja inafika jioni. Skuli inahitaji zaidi ya moja, na mfereji wa akiba ununuliwe siku hiyo hiyo.