Heineken 0.0 kwa anayepunguza pombe
Heineken 0.0, iliyoingia sokoni mwaka 2017, hupikwa kwa kimea na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) kama bia nyingine, kisha kilevi huondolewa. Ikimiminwa baridi kwenye glasi, povu hupanda vizuri ingawa hushuka upesi, na harufu ya kimea ni ya kweli kabisa. Ila utamu wake unakaribia ule wa soda, na ule uchungu ambao mnywaji wa bia huusubiri kooni hauji kwa ukamilifu. Chupa ya mililita 330 ina takriban kalori 69, karibu nusu ya bia ya kawaida.

Kwangu, faida yake kubwa ipo mezani: kwa kuwa chupa inafanana na ya bia yenyewe, isipokuwa lebo ya buluu, hakuna anayekuhoji kwa nini hunywi wakati nyama choma inakatwakatwa. Baa moja niliyoizoea huiuza kwa bei ile ile ya bia yenye kilevi, tena huiacha nje ya friji, na ikiwa vuguvugu hainyweki. Aliyekwisha kuwa mraibu aiendee kwa tahadhari, kwani ladha na harufu yake zinaweza kuamsha hamu ya pombe.