QGIS mezani kwa afisa mipango miji: inatosha, ila koodineti kwanza

Halmashauri isiyo na fungu la kulipia leseni ya ArcGIS kila mwaka bado inaweza kuandaa mpango kamili wa matumizi ya ardhi kwa QGIS. Zote mbili ni programu za kutengeneza ramani, ila QGIS ni ya bure, na kompyuta yenye RAM ya GB 8 inaimudu vizuri. Pakua toleo la muda mrefu (LTR), si lile jipya kabisa, kwa sababu la muda mrefu huendelea kurekebishwa hitilafu kwa takriban mwaka mzima bila mambo kuhamishwahamishwa. Faili la Windows linazidi GB 1, hivyo lishushwe mara moja na kugawanywa ofisini kwa flashi.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba haimzuii mtu kukosea koodineti. Michoro mingi ya zamani ya viwanja Tanzania imo kwenye mfumo wa koodineti uitwao Arc 1960, na GPS inasoma mfumo mwingine, WGS 84. Kwa kanda ya 37 kusini (gridi ya UTM huigawa dunia kwa kanda za nyuzi sita sita), namba ya utambulisho ya mfumo wa kwanza ni EPSG:21037 na ya wa pili ni EPSG:32737. Leya, yaani tabaka la ramani, ya Arc 1960 ikibandikwa namba ya WGS 84, ramani inafunguka bila onyo lolote, lakini viwanja vimehama takriban mita 300. Ukikosea kanda, ramani inaruka zaidi ya kilomita 600 na kila mtu anaona. Hizi mita 300 ndizo za hatari, hasa eneo likiwa bado pori lisilo na barabara ya kulinganishia. Dodoma inachanganya wengi: jirani yake Morogoro iko kanda ya 37, ila mji wa Dodoma uko magharibi ya longitudo ya nyuzi 36, mpaka wa kanda hizo mbili, kwa hiyo ni kanda ya 36. Na kubadilisha namba ya EPSG kwenye sifa za leya hakuhamishi chochote, ni kubadili jina tu. Kuhamisha kweli ni kuisafirisha leya kama faili jipya lenye mfumo unaoutaka.

Kwa mchoro uliopigwa skani, Georeferencer, zana ya QGIS ya kuipa picha koodineti, ni kifaa kizuri sana. Chagua angalau misalaba minne ya gridi, mmoja kila pembe, na uongeze miwili ya katikati kama karatasi ilikunjwa. Kwenye orodha ya njia za kugeuza picha tumia Helmert au Polynomial 1, kisha usome masalio ya kila nukta, yaani umbali kati ya ilipoangukia na inapotakiwa kuwa. Njia ya Thin Plate Spline huonyesha masalio karibu sifuri na kumfurahisha mchoraji, lakini inachofanya ni kuivuta picha ifuate nukta kwa nguvu, hata ile yenye tarakimu iliyoandikwa vibaya.

Kabla ya kuchora kiwanja cha kwanza, washa unasaji wa nukta (snapping), unaofanya mpaka mpya ushike nukta za ule uliopo. Usipouwasha, mipaka inayogusana kwa macho huacha nyufa za sentimita kadhaa, na Topology Checker, zana ya kukagua mipaka, itazitaja moja moja ukiiwekea kanuni za mipishano na mapengo. Hifadhi kazi kwenye faili la aina ya GeoPackage. Aina ya zamani, Shapefile, hukata jina la safuwima kwenye herufi ya 10: «matumizi_ya_ardhi» inabaki «matumizi_y». Eneo nalo likokotolewe kwenye leya yenye vipimo vya mita, la sivyo area(), amri ya kukokotoa eneo, itatoa nyuzi za mraba.

Kwenye urasimishaji wa makazi yaliyojengwa bila mpango, QField, programu ya simu ya Android inayofungua kazi za QGIS, inaisaidia kamati ya mtaa kuandika matumizi ya jengo, aina ya choo na upana wa njia papo hapo. Mipaka isichukuliwe kwa simu: katikati ya nyumba zilizobanana kosa ni la mita kadhaa, na kwenye kiwanja kidogo hiyo ni ugomvi wa majirani. Mipaka ni kazi ya mpima ardhi. Dar es Salaam ina bahati zaidi, kwani majengo, mitaro na njia zilizochorwa na wanafunzi na wakazi katika Ramani Huria, mradi wa uchoraji ramani ulioanza 2015, zinapatikana bure kwenye OpenStreetMap, ramani huru ya mtandaoni. Zihakikiwe uwanjani kwanza, maana mitaro huhamishwa na nyumba hubomolewa.

QGIS inapoyumba ni kwenye DWG, faili za michoro za AutoCAD. Maandishi hujitenga na viwanja vyake, na mistari iliyofungwa huingia kama mistari tu, ikabidi igeuzwe kuwa maumbo na kukaguliwa upya. Mwombe mpima mchoro huo kama DXF, aina ya faili ya kubadilishana michoro, na hapohapo akuandikie namba ya EPSG aliyotumia.