Apu ya kutambua samaki kwa picha: ziwani inajua, mtoni inabahatisha

Jina lake silitaji, ni ile unampiga samaki picha inakuletea jina na asilimia za uhakika. Bure ni picha 5 kwa siku, nikailipia miezi miwili, shilingi 8,000 kwa mwezi, maana wikiendi huwa navua kwa ndoana mto Luiche, huku Kigoma, na mara moja moja nashuka Ilagala au Uvinza kwenye mto Malagarasi, na kila nikirudi nyumbani na kitu nisichokijua naulizwa huyu nani. Kwangu mimi kila mwenye magamba alikuwa perege na kila mwenye ndevu kambale, basi.

Tuanze na sifa. Samaki wa Ziwa Tanganyika inawajua balaa. Nilienda nayo mwalo wa Kibirizi asubuhi, mgebuka ikampata, kuhe ikampata, hata wale wadogo wa kwenye mawe wenye rangi za kanga, ambao sisi hatuwali ila wanasafirishwa nje kwenda kufugwa kwenye vioo, inawataja mmoja mmoja. Na nadhani siri ni hiyo hiyo, wale wamepigwa picha na dunia nzima, sasa samaki wa kwenye tope la Malagarasi nani kampiga picha?

Mtoni ndo vituko vinaanza. Malagarasi ina perege wake ambao hawako kwingine, kuna Oreochromis malagarasi na kuna Oreochromis karomo, huyu karomo yuko kwenye orodha ya samaki walio hatarini kutoweka kabisa. Apu haiwajui. Kila perege niliyempiga Uvinza iliniambia sato, asilimia 94, haina hata aibu. Sato ana mistari ya kusimama kwenye mkia, imepangana kama ngazi, na wa kwangu mkia ulikuwa mweupe pee hauna mstari hata mmoja, nikarudia picha mara tatu jibu lile lile.

Kuna mama anauza samaki wa moshi pale Uvinza, alikuwa ananiangalia muda wote nahangaika na simu, nikamwamkia akacheka akaniambia mwanangu weka hiyo simu mfukoni, hesabu ndevu halafu mpapase mgongo. Akanichukulia kambale, ndevu 8, pezi la mgongo moja refu linaenda mpaka karibu na mkia. Akasema ukikuta pezi limekatika katikati halafu nyuma kuna kinyama laini kama sikio, huyo ni mwingine, anakuwa mkubwa sana. Gogogo yeye ndevu za chini zina matawi kama mizizi, na miiba yake mitatu akishaikaza huwezi kuirudisha kwa nguvu, utachanika tu, na ukimshika analia, jina si kalipata hapo hapo. Dakika kumi, bila bando.

Sasa lililoniudhi kabisa. Siku moja tuko ziwani kwenye mtumbwi karibu na mawe, kaingia samaki mnene kama soseji, ngozi ina madoadoa, midomo minene. Nikapiga picha, apu ikasema kambale, asilimia 71. Jamaa yangu akamkamata kwa mikono miwili amtoe kwenye wavu, alipiga kelele mpaka mtumbwi ukataka kupinduka, kumbe ni yule samaki wa umeme, kapigwa shoti mpaka kwenye mabega. Na kumtambua wala si kazi, mgongoni hana pezi kabisa, ana kile kinyama tu karibu na mkia. Yaani mama wa Uvinza angejua akiwa amefumba macho.

Ukiamua kuitumia, mlaze samaki ubavu juu ya kitu cheupe, mimi natumia mfuniko wa ndoo, mloweshe, nyanyua pezi la mgongo kwa kijiti. Gogogo wangu ilimkataa nilipompiga kwa juu, nikamlaza ubavu ikampata mara moja. Inataka intaneti, na ukipita Ilagala mtandao unakuja na kuondoka, we hifadhi picha uzipandishe ukirudi mjini. Samaki wa moshi usijisumbue, iliniambia haijaona samaki.

Nyota 2 kati ya 5. Kama unapiga mbizi kwenye mawe ya ziwani weka 4, wa mtoni hela yako kanunulie chambo. Niliwaandikia kuhusu ile shoti, wakanijibu siku ya tatu, asante kwa maoni yako tunathamini mchango wako, jamaa bado anashika kikombe kwa mkono wa kushoto.