Saa usizozivaa: uziweke ndani ya nini unyevu usizile?

Asubuhi ya harusi nilifungua droo kutoa saa ambayo sikuwa nimeivaa kwa miezi saba hivi. Mkanda wake wa ngozi ulikuwa umeota manyoya meupe upande wa ndani, palepale jasho linapokaa. Nikaufuta, nikashukuru kwamba kioo kiko safi. Kuvuta kile kifundo cha pembeni nirekebishe majira, kikagoma. Baadaye fundi alifungua mgongo wa saa akanipa lenzi yake nijionee mwenyewe: kijiti cha chuma kinachotoka kwenye kifundo kwenda kwenye mashine kilikuwa na rangi ya tofali, na unga wa kutu umeshamwagikia gurudumu la jirani. Na saa hiyo haikutupwa ovyo. Ilikuwa ndani ya kasha la mbao lenye mahameli, zawadi ya mtu, kasha zuri kuliko saa yenyewe.

Kwa hiyo usishangae hapa chini ukikuta vyombo vya kupendeza vimeshika mkia. Unachonunua ni hewa iliyomo ndani ya chombo, na hewa haijali mahameli.

Anza na kipima unyevu

Kabla ya chombo chochote, nunua kipima unyevu kidogo cha kidijitali, vile vyenye ukubwa wa kiberiti. Unatafuta asilimia 40 hadi 55. Ukipita 65 na kukaa huko, kuvu hupata nafasi kwenye ngozi na kitambaa. Ukishuka chini ya 30 ngozi hukauka na kupasuka. Bila kipimo utakuwa unabahatisha.

Vipimo hivi vya bei rahisi hudanganya kidogo, lakini chumvi itavisema. Weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, idondoshee maji hadi iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Ifunge pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa, uache hadi kesho yake. Hewa iliyo juu ya chumvi ya namna hiyo hutulia kwenye asilimia 75. Kipimo kikisoma 70, unajua kuanzia leo kwamba utaongeza tano.

Namba moja: kontena la plastiki lenye raba, na silika jeli

Ndiyo, lile la kuhifadhia chakula. Tafuta lenye raba ya silikoni kuzunguka kifuniko na vibano pande zote nne. Geuza chini: namba 5 ndani ya pembetatu ni polipropilini, plastiki tulivu. Namba 3 ni PVC, iache dukani, maana ikizeeka huweza kutoa mvuke wenye asidi. Ukifika nyumbani weka karatasi ya shashi ndani, funga, ulizamishe kwenye beseni la maji kwa dakika chache. Shashi ikitoka kavu, umepata chombo.

Silika jeli, yaani chembe zinazonyonya unyevu, inunue kwa wingi, inayobadili rangi: ya chungwa, ambayo ikishiba unyevu hugeuka kijani au hufifia, kutegemea aina. Ya buluu inayogeuka waridi ina chumvi ya kobalti, kitu kisichofaa kushikwashikwa, nami sioni sababu ya kuileta nyumbani wakati ya chungwa ipo. Vile vipakiti vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu usivitegemee, kwani mara nyingi vimeshashiba kabla hujavigusa. Chembe zikishiba, zitandaze kwenye sinia, uziweke kwenye oveni kwa nyuzi 110 hadi 120 za Selsiasi kwa saa mbili. Usizidishe moto, rangi ya kiashiria itaungua. Faida yake ni hiyo: jeli ya leo utaitumia miaka.

Ila kuna kosa ambalo watu makini ndio hulifanya. Wanajaza jeli mpya kwenye kontena linalobana sawasawa, na baada ya siku mbili kipimo kinasoma 20. Hapo ngozi inaumia kwa ukame, haikuumia kwa kuvu. Anza na kijiko kimoja au viwili ndani ya mfuko wa kitambaa, soma kipimo kesho yake, ongeza au punguza. Chembe zisigusane na saa, maana hutoa vumbi, na vumbi la silika hukwaruza.

Kama saa zako nyingi zina mikanda ya ngozi, badala ya jeli weka pakiti za pande mbili, zile zinazonyonya unyevu ukizidi na kuurudisha ukipungua. Wapiga gitaa na wavuta sigara kubwa wanazijua. Kwa saa chagua yenye namba 49, yaani asilimia ya unyevu inayoishikilia. Ya 69 ni ya tumbaku, na kwa chuma ni mbaya kuliko kutoweka chochote. Zikichoka hazifufuliwi kwenye oveni, na ukifungua chombo kila siku huchoka upesi.

Namba mbili: kabati kavu la umeme

Hili ni kabati la wapiga picha, lenye mlango wa kioo na namba inayong'aa. Unaliwekea 45, unasahau. Lingeshika nafasi ya kwanza kama una saa kumi na zaidi, au una kamera na lenzi za kuweka humohumo. Kwa mwenye saa tatu ni kununua lori la kubebea kikapu.

Yapo ya aina mbili. Moja hupoza kibamba ili unyevu ugeuke matone hapo; nyingine ina jeli inayojipasha moto yenyewe na kutoa unyevu nje. Mimi ningechukua ya pili: haitegemei sana joto la chumba, na umeme ukikatika jeli iliyomo bado inafanya kazi kwa muda. Kagua raba ya mlango kabla ya kulipa. Makabati mengi hufungwa kwa utepe wa sumaku, na saa ya kutia ufunguo haipendani na sumaku, kwa hiyo zipange ndani, mbali na ukingo wa mlango.

Namba tatu: begi gumu la kamera

Linabana hewa vizuri na linastahimili kuanguka. Tatizo ni sponji. Sponji nyingi za ndani, baada ya miaka kwenye unyevunyevu, huanza kunata na kumeguka, na uchafu wake huganda kwenye saa. Ukilinunua, badilisha sponji iwe ya polithini, kisha litumie kama kontena la namba moja.

Namba nne: sefu

Sefu inazuia mwizi, haizuii unyevu. Ile ya kuzuia moto ndiyo ya kuangaliwa zaidi: kuta zake hujazwa vitu vilivyobeba maji, ili moto ukija yageuke mvuke na kupoza ndani. Maji hayo hayakai kimya miaka yote. Ukihitaji sefu, weka kontena lako ndani yake.

Mkiani: kasha la mbao na mahameli

Mbao hupumua unyevu wa chumba. Nyingine, hasa mwaloni na zile mbao za unga uliogandishwa kwa gundi, hutoa mvuke wa asidi unaofifisha metali. Kile kimto kinachoshika saa ndicho kinachotunza jasho. La kwangu bado ninalo, naweka miwani.

Usivinunue kwa kazi hii

Makopo ya kabatini yanayojaza maji chini ni chumvi ya kalsiamu. Kwa nguo yanafaa, lakini maji yale yakimwagika hula chuma. Mashine ya kuzungusha saa za otomatiki, zile zinazojijaza kwa mwendo wa mkono, haizuii unyevu hata kidogo, inachakaza tu vyuma ambavyo vingepumzika. Mchele wa kunyonya unyevu? Upike.

Kabla ya kufunga kifuniko

Futa saa kwa kitambaa kilichotiwa maji kidogo, kisha kikavu, maana chumvi ya jasho huvuta unyevu. Vua mikanda ya ngozi. Betri iliyokwisha itoe, kwani ikivuja huharibu mashine. Kifundo cha kukaza kikaze. Fanya hayo siku kavu, ndani ya chumba, saa ikiwa imepoa: hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa umande ikishuka karibu na 26 tu, na mkono wako una joto kuliko hapo.

Saa za zamani, za kabla ya miaka ya 1970, zenye rangi ya radiamu inayong'aa gizani, ziweke peke yake. Radiamu hutoa gesi ya radoni, nayo hujikusanya kwenye chombo kilichobana. Fungulia karibu na dirisha, uso ukiwa mbali.

Maandishi ya mita 30 mgongoni yasikupe usingizi. Maana yake ni kuhimili matone ya maji na mvua, tena wakati raba za ndani zilipokuwa mpya. Ukiona ukungu chini ya kioo, jeli haitausaidia, kwa sababu unyevu uko upande wa pili wa raba. Usiianike juani. Ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo, afungue mgongo na kukausha, kisha muulize kijiti cha kifundo kina rangi gani.