Matairi ya theluji kwenye SUV: uzoefu wangu na yasiyo na misumari

Nianze na hukumu: kwa SUV inayotembea mjini na kwenye barabara kuu zinazosafishwa theluji, matairi ya baridi yasiyo na misumari (vipini vya chuma vinavyopigiliwa kwenye uso wa tairi), yale ya mpira laini, ndiyo ningeyanunua tena. Ninayatumia kwenye SUV ya ukubwa wa kati inayovuta kwa magurudumu manne, vipimo 235/65R17, yaani upana wa milimita 235, kimo cha ubavu asilimia 65 ya upana huo, na rimu ya inchi 17. Anayepita porini kwenye theluji inayofika magotini ana mahitaji mengine, na kwake sina la kusema isipokuwa kwamba tumbo la gari likishalalia theluji, hakuna tairi litakaloliokoa.

Wenye SUV wengi hudanganywa na foo-wili. Kuvuta kwa magurudumu manne husaidia kuondoka na kupanda mlima. Kwenye kusimama hakuongezi kitu, maana hata gari dogo la kawaida lina breki kwenye magurudumu yote manne. Ubaya wake ni huu: gari likiondoka kwa urahisi, dereva hajui barabara inateleza kiasi gani mpaka akanyage breki. Kwa hiyo mimi hupima tairi la theluji kwa jinsi linavyosimama na kukata kona kwenye barafu. Kazi ya kuvuta gari tayari linaiweza.

Mpira wa tairi la kiangazi huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi. Wa tairi la baridi huchanganywa na silika (unga wa madini ya mchanga) nyingi ili ubaki laini hata chini ya sifuri. Bonyeza jino moja la tairi hilo kwa kidole gumba ukiwa nje kwenye baridi: linabonyea, na ile michanjo myembamba iliyokatwa juu yake inafunuka. Kila mchanjo una kingo mbili zinazouma barabara, na tairi zima lina mamia ya michanjo. Ndani haikukatwa wima tu. Ina mawimbi ili gari likifunga breki kuta zake zishikane, meno yasilale upande. Mifereji mipana nayo hujaa theluji makusudi, kwa sababu theluji hushikana na theluji vizuri kuliko mpira unavyoishika.

Kwenye barafu shida ni utando wa maji ulio juu yake. Barafu ya nyuzi 20 chini ya sifuri huwa kavu na hushikika vizuri kuliko watu wanavyodhani. Iliyo karibu na sifuri, inayong'aa asubuhi kwenye makutano ya barabara, ndiyo muuaji. Bridgestone walilishughulikia jambo hili kwa tairi lao la Blizzak, lililotoka Japani mwaka 1988: mpira wake una vitundu vidogo vinavyonyonya ule utando. Kwa SUV kuna Blizzak DM-V2, na kwangu kwenye barafu yenye maji ndiyo inayotulia zaidi. Ila ujue kuwa yapo matoleo ambayo mpira wa vitundu hauendi mpaka chini, hivyo meno yakifika nusu unabaki na tairi la kawaida. Nokian wa Finland, wanaotumia jina la Hakkapeliitta tangu 1936, wamelipa toleo lao la R5 SUV nyuzi za aramidi (uzi mgumu sana kukatika) ubavuni. Hilo si pambo kwenye gari zito, kwani mashimo na kingo za barabara hufichwa na theluji na ubavu ndio unaopasuka.

Alama za ubavuni zinawachanganya wengi. M+S ni tamko la mtengenezaji kwamba meno yamekaa kimatope na kitheluji. Hakuna jaribio lililo nyuma yake. Tafuta mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Huo hutolewa baada ya tairi kupimwa kwenye theluji iliyoshindiliwa. Ujerumani, tangu Oktoba 2024, M+S peke yake haikubaliki tena barabara inapokuwa na theluji au barafu.

Hata hivyo mchoro huo haukuambii lolote kuhusu barafu, na hapa ndipo watu hununua kitu wasichokitaka. Matairi ya baridi ni ya aina mbili. Moja limetengenezwa kwa lami yenye maji, theluji rojorojo na mwendo mkubwa, na mara nyingi huwa na herufi ya mwendo H au V. Jingine, la kaskazini, lina mpira laini zaidi na mara nyingi herufi yake ni Q, R au T, yaani mwisho wa kilomita 160, 170 au 190 kwa saa. Yote mawili yana mlima ule ule. Kwenye lebo za Ulaya za tangu Mei 2021, tairi lililofaulu jaribio la barafu huwa na mchoro wake wa pekee wa barafu. Kama barabara zako hukaa na barafu wiki nzima, chukua la kaskazini. Kama theluji hudondoka jioni na kuyeyuka kesho yake, la kwanza litakufaa zaidi, maana lile laini huyumbayumba kwenye lami kavu, usukani unaitika kwa kuchelewa, na siku za nyuzi 10 au 15 linalika upesi.

Matairi ya misumari? Kwenye barafu tupu yenye maji juu yake bado yanashinda, hasa milimani. Kwenye lami kavu yanapiga kelele na kula barabara. Ujerumani yamepigwa marufuku karibu kote, na Japani iliyazuia kwa sheria ya mwaka 1990 kwa sababu ya vumbi la lami. Matairi ya kila eneo (all-terrain) yenye meno makubwa, wanayoyapenda wenye SUV kwa sura yake, huchimba vizuri theluji mbichi yenye kina. Kwenye barafu meno yale yana michanjo michache, na gari linateleza kama sahani iliyopakwa mafuta.

Kuhusu vipimo, shuka kwenye rimu ndogo zaidi kama breki zinaruhusu. Gari lililokuja na 235/55R19 linaweza kuvaa 235/65R17, kimo cha gurudumu kikapungua kwa milimita 4 hivi tu. Ubavu mrefu huvumilia mashimo. Usiende kutafuta tairi pana: jembamba hukandamiza theluji na kuifikia barabara, pana huielea. Namba ya mzigo isishuke chini ya iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. 104 ni kilo 900 kwa tairi moja, 108 ni kilo 1,000, na SUV iliyojaa abiria na mizigo huzifikia haraka.

Funga manne, siyo mawili. Ukifunga ya mbele tu, mbele patashika na nyuma patakupita kwenye kona. Kwenye foo-wili ya kudumu kuna sababu ya pili: matairi yenye mzingo tofauti huilazimisha difu ya kati (gia inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma) kufanya kazi muda wote, ikapata joto na kuchakaa. Mimi siachi meno yatofautiane zaidi ya milimita 2. Matairi yenye mshale wa mwelekeo ubavuni huhamishwa mbele na nyuma kwa upande ule ule, kila kilomita 8,000 hadi 10,000. Nati kaza kwa spana inayopima nguvu, kwa kiwango cha kitabu cha gari, kisha zirudie baada ya kilomita 80 hadi 100, kwa sababu kutu na uchafu kati ya rimu na habu (kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake) hujibana na nati zikalegea.

Upepo ndio unaosahauliwa. Kila joto likishuka nyuzi 6 hivi, tairi hupoteza karibu psi 1. Ukijaza psi 35 ndani ya gereji yenye nyuzi 20 kisha ukalala nje kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, asubuhi utakuta 30, na huenda taa ya upepo kwenye dashibodi ikawaka. Tairi halina pancha. Jaza likiwa limepoa, nje, kwenye baridi ile ile utakayoendeshea. Na usipunguze upepo ukidhani litashika zaidi: kwenye barabara iliyosafishwa unapoteza usukani na kuchakaza mabega ya tairi.

Matairi mapya yaendeshe kwa upole kilomita 500 za mwanzo, uso wake uchakae kidogo na ule utelezi wa kiwandani uondoke. Jipya lina meno ya milimita 8 hadi 9. Sheria za nchi nyingi huruhusu mpaka 1.6, lakini Austria haihesabu kuwa ni tairi la baridi likishuka chini ya 4, na hapo nakubaliana nao: chini ya 4 mifereji haibebi tena theluji ya kutosha. Unaponunua, soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ulioandikwa ubavuni: ni wiki na mwaka tairi lilipotengenezwa. 3824 ni wiki ya 38 ya mwaka 2024. Lililokaa ghalani miaka mitano lina meno yote lakini mpira wake umeshakakamaa.

Msimu ukiisha, andika kwa chaki kila tairi lilipokaa, lioshe chumvi, uliweke mahali penye giza na ubaridi, mbali na mota za umeme kwa sababu ozoni yake hupasua mpira. Yaliyo kwenye rimu yapange moja juu ya jingine. Yasiyo na rimu yasimamishe, na uyageuze mara kwa mara.